Zamu ya Nazar Singh

Saa nane na dakika kumi usiku
maji huwa yetu.
Ndivyo lisemavyo daftari la mfereji
kwa wino uliogeuka rangi ya chai:
Nazar Singh, eka tatu na robo,
dakika hamsini na tano, kila kuamkia Alhamisi.

Baba alikufa msimu wa kuchuma pamba.
Daftari halikupewa habari.
Na maji hayaendi matanga,
yana saa yao.

Basi Mama hujitanda shali, hupandisha shalwari magotini,
huchukua jembe
ambalo mpini wake umelika mahali pawili,
mahali pa viganja visivyo vyake.
Mimi hubeba kurunzi, na saa ya Baba
inayonipwaya hadi kiwiko.

Ukungu wa Januari! Ukinyoosha mkono unaupoteza.
Ngano huioni, waihisi tu vifundoni,
baridi kama pua ya ndama.
Haradali twaijua kwa harufu,
na nyumba ya Mukhtiar kwa moshi wa samadi.

Ami Gurdit alishasema, mbele ya watu:
mwanamke hakati maji, nitawakatia mimi.
Mwaka jana alitukatia.
Shamba letu lilipata kulamba midomo,
lake likanywa likacheua.

Usiku ule alitutangulia.
Tulisikia jembe lake kabla hatujamwona,
chwa, chwa, topeni.
Mzee Mukhtiar, ambaye zamu yake huisha yetu ikianza
na ambaye macho yake mawili hayafiki jicho moja,
akaita kama kawaida kutoka ndani ya blanketi:
"Zamu ya nani?"

Kimya.

Sasa mjue jambo moja.
Mama hakuwahi kulitamka jina la mumewe.
Kwetu mke halitamki.
Miaka ishirini na miwili alimwita Baba Jito,
au "sikia", au aligonga tu bakuli.
Hata zahanati, muuguzi alipouliza jina la mgonjwa,
alinifinya mimi nijibu.

Ami akakohoa, akafungua kinywa.

"Nazar Singh!"

Sauti ilitoka ubavuni pangu, nikadhani ni ya mtu mwingine.
"Nazar Singh, mwana wa Bakhtaur! Zamu yake!"
Mbwa wa kijiji cha pili wakaitika.
"Haya, Nazar," akasema mzee, kama aliyeonana naye jana,
"chukua maji yako."

Jembe la Ami likanyamaza.
Mama akapasua ukingo kwa mapigo matatu.
Maji yakasita, yakapinda, yakaingia kwetu
na majani makavu, na kandambili moja
ya mtoto wa mtu.

Nikamgeuzia kurunzi.
"Usinimulike uso," alisema.
"Mulika maji. Zimebaki dakika ngapi?"