Shimo

Mbwa wa Verlene Stotts kamleta barazani,
kamtua kwenye mkeka wa kufutia miguu:
oposamu, kinywa wazi, meno hamsini nje,
ulimi umelala pembeni,
na harufu, mniwie radhi kwa harufu,
ya yai lililokaa mwezi mzima juani.

"Masikini," akasema Verlene. Akachukua sepetu.

Udongo wa Kentaki mwezi Machi ni mgumu
kama kudai deni kwa shemeji.
Akachimba nyuma ya banda la kuku, akihema,
palepale alipomzika paka,
na kabla ya paka, redio ya marehemu Hobart.

Watu husema huyu mnyama hujifanya.
Hajifanyi. Mwili ndio uliokata shauri bila kumuuliza,
ukazima taa, ukafunga duka,
ukamwachia adui mzoga asioutamani.

Mfukoni mwa tumbo, vitoto tisa
vilivyozaliwa vidogo kama nyuki,
kila kimoja kimeng'ang'ania chuchu yake,
havina habari kwamba mama amekufa.

Sikio likatangulia. Sikio moja,
jeusi, ncha imeliwa na barafu,
likacheza.
Kisha pua.
Kisha kimya kirefu, cha mtu anayesikiliza
kama wageni wameshaondoka.

Verlene aliporudi na gunia
mkeka ulikuwa na unyevu tu,
na mbwa anatazama uzio kwa haya.

Shimo hakulifukia. Wiki ya tatu sasa
analizunguka akienda kuokota mayai,
na kila asubuhi mayai yamepungua mawili,
naye hahesabu kwa sauti.