Gundi Iliyobaki

Miaka thelathini na mmoja naunga soli za watu
katika kibanda changu chini ya ngazi, Plovdiv,
na gundi naijua kwa pua kabla ya macho:
ile ya kushika haraka na kuachia haraka,
ile ya kungoja, dakika kumi, ipigwe na hewa kwanza,
ndipo ukutanishe ngozi na ngozi, ugonge kwa nyundo.
Najua pia kwamba gundi ikizidi haina adabu.
Hujipenyeza pembeni, ikakauka kidonge,
na mteja hurudi kesho yake:
"Zdravka, kuna kitu kinanichoma."

Basi daktari wa upasuaji aliponiambia, Januari,
kwamba titi likishaondoka patabaki uwazi,
kwamba maji hupenda uwazi, hujikusanya bila kualikwa,
na kwamba atanyunyiza gundi iliyotengenezwa kwa damu
ili ngozi ishikane na kifua, maji yakose pa kukaa,
nilimwuliza jambo moja tu:
"Unaingoja ipigwe na hewa?"
Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Wiki ya saba. Machi. Mkononi nina uzi
mwekundu na mweupe, kama kila mtu mjini;
tutaufungua tukimwona korongo wa kwanza.
Nimelala, mkono juu ya kichwa kama mtu aliyejisalimisha.
Jeli ni baridi. Kile kifaa kinateleza juu ya mshono,
mahali ambapo kwa miaka mingi
hapakuwa tambarare.

Mashine haina macho. Inapiga kelele tusizozisikia,
halafu inangoja mwangwi.
Panaponyamaza, panachorwa weusi;
panapojibu, weupe.
Kuna weusi mwembamba. "Maji," anasema Daktari Radostina,
"hayajazi kijiko. Si neno."
Kisha mkono wake unasimama.

Mkono wa fundi hausimami bure.

Kidonge. Milimita kumi na moja, kingo zimekwaruzika,
nyuma yake kivuli kinashuka kama soksi iliyolegea.
Anakizunguka. Anakibana. Anapima urefu, upana,
tena urefu.
Kando yake mwanafunzi, kijana wa Kerala, Jithin,
ameacha kuandika.
Mimi nahesabu vigae vya dari. Nimefika kumi na tisa
nikakumbuka viatu vya harusi vya binti wa jirani
ambavyo sijavimaliza,
nikaona haya kwamba ndivyo nilivyovikumbuka.

Anabonyeza kitufe cha rangi. Damu ikipita, pale huwaka
nyekundu na buluu. Tunangoja sote watatu.
Hapawaki.
Anafunua karatasi za upasuaji, kidole kinashuka
mstari kwa mstari, kinarudi juu, kinashuka tena.

"Je," nauliza, na sauti si yangu, "ni gundi?"

Anatikisa kichwa. Kushoto, kulia, kushoto.

Nikamwona Jithin amesawijika, ameinamisha macho.
Maskini, miezi mitano tu katika nchi hii,
hajazoea bado: kwetu kichwa kikienda hivyo
ni ndiyo.

Ndiyo. Ilizidi pembeni, ikaganda.
Mwili utaila polepole, kama panya anavyokula sabuni.
"Rudi Juni tuiangalie tena," akaandika.
Hakuniapia. Fundi mzuri haapi.
Nami nikajifuta jeli kwa karatasi ngumu,
nikafunga vifungo, upande mmoja wa blauzi ukaanguka
ulivyozoea kuanguka siku hizi.
Ndiyo ile haikurudisha kitu.

Nilipitia kibandani kabla ya nyumbani.
Viatu vyeupe, kisigino cha kushoto:
tone pembeni, limekauka. Kazi yangu mwenyewe.
Nikachukua kisu, nikalikwangua
taratibu sana,
nikiongea nalo.