Mia Nne na Kumi na Mbili

Saa tisa usiku nilikuwa nimeshaumua unga,
maana Jumapili haijui kwamba mwenye duka ana mashindano.
Trei tano za hallulla, trei mbili za mikate mirefu,
kisha Eliseo akanipokonya koleo la tanuri:
"Nenda. Ukizama, nauza duka."
Huo ndio utani wa mume wangu.
Nimeuzoea kama chumvi.

Mchanga wa Licán Ray ni mweusi,
masizi ya mlima uliokohoa kabla babu hajazaliwa.
Mlima wenyewe uko pale, kofia ya theluji kichwani,
unafuka kidogo, kama birika lililosahauliwa jikoni.
Msichana mwenye kalamu nene ananishika mkono:
nne, moja, mbili.
Halafu anainama, kwenye shavu la mguu aandike umri:
hamsini na tatu.
"Hilo nilidhani tungefichiana," namwambia.
Hacheki. Ana watu mia tatu wa kuandika.

Suti ya mpira si yangu.
Ni ya aliyekuwa mchumba wa Yanara binti yangu,
aliyeondoka na gitaa, suti akaiacha.
Kifuani inabana, magotini imepwaya,
na pange wa Januari, wapendao kila kilicho cheusi,
wananizunguka wakidhani mimi ni ng'ombe.
Sina la kuwajibu.

Honi.

Baridi inaingia shingoni bila kubisha hodi.
Teke. Kiwiko. Kisigino cha mtu mdomoni.
Mimi niliyejifunza kuogelea nina miaka arubaini na tisa,
bwawa la manispaa, mstari wa watoto,
nimekumbatia sponji ya rangi ya waridi,
leo nahesabu: moja, mbili, pumzi,
naona mlima; moja, mbili, pumzi,
naona kwapa la jirani;
moja, mbili,
sioni kitu.
Hapo katikati ziwa halina sakafu.
Hapo katikati nikamkumbuka mama,
aliyetukataza maji haya tangu yalipommeza kaka yake, Anselmo,
yakarudisha kiatu.
Sikuomba dua. Nilisema tu: Mjomba, nipishe.
Nikapita.

Baiskeli ni kilomita arubaini,
na ya kumi na nane ndiyo yenye mwinuko.
Hapo hapo mnyororo ukachomoka.
Vijana wakanipita, magurudumu yakivuma kama feni,
"Kaza, shangazi!"
na mimi nimepiga magoti, vidole vyote grisi,
naurudisha jino kwa jino
kama ninavyofinya pindo la empanada.
Shangazi alikaza.
Shangazi alitukana pia, kwa sauti ndogo, maana Jumapili.

Mbio sitaki kuzisema sana.
Miguu ilikuwa ya mtu mwingine, na mwenyewe alikuwa anaidai.
Penye meza ya maji nikapewa tikitimaji, nikala mpaka ganda.
Mbele yangu don Fermín Catrileo, mstaafu wa reli, sitini na minane,
anakimbia kaegemea upande
kama behewa lililopakiwa vibaya.
Nilitaka kumpita. Nasema kweli, nilitaka kwa roho mbaya,
kama anayekimbilia kiti cha mwisho.
Zimebaki mita mia mbili, nikampita.
Hakuna aliyeona. Walikuwa wakikunja mahema,
mtangazaji anatafuna mkate wake,
medali zimekwisha, nikavishwa ya mwaka jana.
Don Fermín akafika. "Umeniacha," akasema.
"Nimekuacha."
Tukashikana mabega,
kwani hakuna kati yetu aliyeweza kusimama peke yake.

Jumatatu wino haujatoka.
Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa spiriti.
Bibi Clodomira, mteja wa kila siku,
akausoma mkono wangu ukizama na kuibuka kwenye unga:
"Mia nne na kumi na mbili? Mkate umepanda tena?"
"Bado," nikamwambia,
nikajizuia nisicheke,
maana hata kucheka kulikuwa kunauma mbavu.