Uli

Alipasuliwa kidole tumbo usiku wa Jumanne.
Alhamisi meli iling'oa nanga na korosho zake
ikamwacha Ligula, kitanda cha saba,
na begi moja, ndala mpya,
na kitabu cha ubaharia chenye picha yake
enzi za nywele nyingi.
Crisanto. Kisiwa cha Bantayan, upande wa Sebu.
Mie ndiye niliyembadilishia bendeji.

Kiingereza chake na changu vilikuwa vilema wawili
wanaovushana barabara.
Kikituishia, tuliokota maneno mengine.

Biya, alisema, akinyoosha kidole dirishani.
Nikamkemea: hapa hakuna bia,
na wewe una nyuzi tisa tumboni!
Akacheka mpaka akashika kidonda.
Akageuza karatasi ya joto, akachora meli,
na mbali nyuma yake kijitu, nchi kavu.
Biya: kumwacha mtu nyuma.
Nikaandika, kwa kalamu nyekundu ya wodi.

Lalin. Nikasikia laleni,
nikazima taa hata saa mbili haijagonga,
kitanda cha tano akanitukana kwa Kimakonde safi.
Kumbe ni kuhama na vyungu na mbegu na jina la ukoo
mwende mkaanze pasipowajua.
Nasi tunayo, nikamwambia: kuhama, kuguria,
kulowea, ambalo ukilichomoa herufi moja
linabaki kulowa,
kama kwamba kila mlowezi hufika na nguo mbichi.
Bibi yangu alivuka Ruvuma na kinu kichwani.
Hadi anazikwa Newala
alikiita kile kinu "kwetu".

Laag ni kutembea bila haja.
Kwao, akasema, kijana husifiwa kwalo.
Kwetu, nikasema, uzururaji una faini.

Mingaw hakulichora.
Alinitaka nisikilize wodi saa tisa usiku,
feni imekatika na umeme,
mzee wa kitanda cha pili keshahamishwa chumba cha baridi,
shuka lake halijakunjwa.
Ukimya wa mahali na upweke wa mtu, neno moja.
Hilo tunalo! Ukiwa.
Mahame yana ukiwa, yatima ana ukiwa.
Akalitafuna polepole: ukiwa, ukiwa.
Sikuwa na Kiingereza cha kumfafanulia
kwamba ndilo hilohilo tunaloanzia sentensi:
ukiwa mbali,
ukiwa na njaa,
ukiwa hai bado, piga simu.

Siku ya kumi na tisa wakala wa meli alikuja na tiketi
na shati lililopigwa pasi.
Mouli na ko, Crisanto akaniambia, amesimama wima.
Uli: kwenda nyumbani.
Nikamwitikia kwa kichwa. Lakini masikioni mwangu
uli haisimami peke yake,
ni mguu mmoja uliotangulia kizingitini,
uliondoka, ulifika, ulisahau,
nani ajuaye kitakachofuata?
Ndala aliziacha chini ya kitanda.
Fundi wa jenereta amezivaa mpaka zimetoboka.

Mwezi wa tatu barua ilinifikia nami,
muhuri wa bluu, neno lenye heshima zake: uhamisho.
Liwale. Siku saba. Posho itafuata.
Nikafungasha godoro, jiko la mkaa, masufuria,
sare mbili, ile karatasi ya joto
ambayo upande mmoja homa inapanda na kushuka
na upande wa pili maneno mekundu,
la mwisho lina kistari mbele yake,
nililiacha wazi hivyo makusudi, au kwa haraka.

Utingo amepanda juu ya lori, anavuta kamba.
Dada, anauliza, na hiki kinu kizee nacho?

Nacho.