Baada ya "Pas"

Alhamisi, saa moja jioni, chumba cha juu ya maktaba, Limoges.
Hita inakohoa kama mwenye pumu.
Leo sikuja na kitabu. Naweka mkate mezani.

"Le pain", nasema: mkate huu tunaoukodolea macho,
na pia, msinicheke, mkate wote ulioko duniani,
hata ule ambao bado ni ngano shambani.
"Un pain": mmoja, wowote,
mgeni aliyebisha hodi bila kutaja jina.
Kisha naukata, makombo yanaruka:
"du pain". Haba isiyo na kibaba.
Hatuulizi kiasi gani.

Malarvizhi, mfua mashuka wa hospitali,
anataka kujua kuhusu maji. Na subira? Na bahati?
"De l'eau", namjibu, "de la patience", "de la chance":
yasiyohesabika hugawiwa kwa kijiko.

Zurab haulizi.
Zurab hupaka ukingo wa dhahabu kwenye sahani za kauri,
kutwa nzima, pumzi kaibana.
Juzi alikwenda dukani akaomba "le pain",
muuzaji akamtania: Wote, bwana? Na wenzio wale nini?
Akarudi na mkate mmoja na aibu yake.

Sasa somo la kukana.
Naandika "pas" ubaoni: mlango mwembamba.
"Un" akipita, "une" akipita, "du", "de la", "des",
wote huvuliwa nguo kizingitini,
hutokea upande wa pili wakiwa "de",
"de" mtupu, mfupa.
(Kitenzi "être" kina ukaidi wake. Hicho ni cha wiki ijayo.)

Tungeni sentensi.
Malarvizhi hana baiskeli, hana sukari, hana kaka.
Zurab anaandika polepole, kama apakaye dhahabu:
"J'ai une maison."
Anaipiga mstari. Chini yake:
"Je n'ai pas de maison."
Sahihi. Natia alama,
na kalamu yangu nyekundu inaona haya.

Anatoa simu. Paa la bati, mtufaha,
na mbele yake seng'enge,
na askari asiye wa kijiji kile.
"Nikisimama kwa binamu yangu naiona," asema.
"Hatua mia mbili."

Halafu: "Mwalimu, na 'la'?
'La' akipita kwenye mlango huo?"

"La" havuliwi, nasema.
"Le", "la", "les" hupita na nguo zao.
Ukikana unachokijua, kinabaki kizima.

Miaka thelathini na mmoja nalifundisha jambo hili,
sikuwahi kulisikia.

Anaandika: "Je n'oublie pas la maison."
Hakuna aliyesema kitu. Hita ikakohoa.

Tukala mkate, kwa mikono, bila siagi.
Malarvizhi akayakusanya makombo kiganjani,
akauliza, haya nayo yanaitwaje?
"Des miettes", nikamwambia.
Akayatia mfukoni, ya njiwa wa kituo cha basi.