Tundu la Paa

Sleyum kaniletea gari asubuhi, Chake, Machomanne:
Landkruza kuukuu, rangi ya maziwa ya mgando,
ngazi mgongoni, keria kichwani,
madumu mawili ya maji ubavuni.
"Antena mbili," kanambia, "ndefu ya mbali, fupi ya karibu.
Wageni wangu wanalala Ngezi,
na simu ya mkononi kule ni pambo la mfuko.
Lakini bati langu usilitoboe, bibie."

Kila mwenye gari ana lake.
Huyu ataka sauti ifike Unguja
na paa lisijue.

Nikamwambia: Sleyum, antena haisemi peke yake,
nusu ya kauli yake ni chuma kilicho chini.
Ukiifunga kwenye bampa, gari lenyewe litakuwa ukuta,
maneno yatagonga boneti yamrudie aliyeyatuma.
Ukiibandika kwa sumaku, tawi la kwanza la mkarafuu
litakwenda nayo.
Akanyamaza. Akanunua chungwa, akalimenya, hakulila.

Nikapanda na msasa na kitambaa cha petroli,
nikapima kwa shubiri kutafuta katikati,
ndipo dole gumba likazama,
kidogo tu, kama penye utosi wa mtoto.
Nikakwangua.
Chini ya maziwa, nyeupe ya hospitali;
chini ya nyeupe, putii;
chini ya putii, tundu,
la mviringo, ukingo wake umepigwa tupa hadi hauumi,
na ndani yake, umekauka kama ganda la ndizi,
mpira wa buluu uliokatwa kwenye kandambili.

Mkono huo naujua.
Faki Mbarouk, fundi wa simu za upepo, baba yangu,
hakununua ringi ya dukani maisha yake.
Tuliamka tukakuta kandambili zetu zina matobo kisiginoni.
Mama akasema panya.
Baba akasema, ndiyo, panya wa serikali.

Nikashuka nikamulika mlango kwa pembeni:
herufi za CHANJO bado zinaota chini ya rangi,
C na H, na mkia wa J.
"Kumbe limeshatobolewa," akasema Sleyum.
"Kabla hujalijua."
"Basi bei itapungua, maana tundu lipo."
"Tundu ni urithi wangu. Shukuru sikutozi kodi."

Nikakwangua bati mpaka liking'ara, ardhi ishike.
Nikapaka grisi, kwani chumvi ya Pemba
hula shaba bila kunawa mikono.
Waya nikaupitisha kwa upole, usipinde kama kiwiko,
nikauachia tumbo kidogo kabla ya dashibodi
ili mvua idondokee hapo, isiingie ndani.
Fyuzi karibu na betri. Hilo sibishani na mtu.

Mfukoni nilikuwa na pakiti ya ringi za Dar,
nyeusi, kumi na mbili, hazijafunguliwa.
Nikatazama mguu wangu.

Kisha mita. Sindano ikapanda, ikakataa kushuka.
Nikaikata ncha ya antena kwa msumeno,
punje ya mchele, nikapima,
punje nyingine, nikapima;
ukizidisha hapana gundi ya kurudisha.
Sindano ikalala.
Sleyum akalipa, akaangalia kisigino changu, hakuuliza.

Saa kumi na mbili nikakaa na mashine ya mezani.
Mchakato wa mchanga, mluzi, mchanga tena,
halafu: "Chake, Chake, hapa Tondooni. Wanipata?"
Nyuma yake popo wanagombana, mgeni anacheka,
sufuria inaanguka.
Nikabonyeza.
"Nakupata, Tondooni. Tano kwa tano. Pokeaaa."
Hiyo *a* ndefu siyo yangu.
Nikaachia kitufe, nikasubiri,
na kupitia tobo la kandambili ya kushoto
saruji ilikuwa baridi.