Kichwa cha Grafu

Endel alituachia grafu arobaini na moja
ndani ya sanduku la viatu vya mkewe,
na juu ya kila moja, kwa herufi zilezile:
*Kina cha mto, Tartu.*
Basi.
Kama mtoto aulizwaye jina
akajibu: mtu.

Mto ni uleule, Emajõgi,
unapita nyuma ya ofisi na vipande vyake vya barafu,
ila mistari haifanani.
Mmoja umelainishwa ukawa shuka la kupigwa pasi;
mafuriko ya Aprili hayamo, yamezama kwenye ulaini.
Mwingine unatetemeka siku hadi siku
kama alivyotetemeka Endel miezi ile ya mwisho,
kikombe cha kahawa kwa mikono miwili,
akisema ni baridi tu.

Jumanne akaja mhandisi Kalju, buti zimejaa tope,
akalaza karatasi mbili mezani:
"Leelo, tuta tulijenge kwa kufuata ipi?"
Nilijua kilichozitenganisha ni namba moja,
upana wa dirisha, siku ngapi
zinachanganywa kuwa siku moja.
Tatu? Kumi? Thelathini?
Endel aliiandika kwenye mabano, akabonyeza, grafu ikatoka,
akaifuta, akaandika nyingine.
Ya kwanza ilikwenda zinakokwenda pumzi.
"Sijui," nikasema.
"Basi unaniuzia nguruwe ndani ya gunia,"
akaondoka, tope lake likabaki.

Kinachoingia kwenye mabano tunakiita hoja.
Hoja isiyotajwa
hushinda baraza zima bila kusimama.

Usiku nikakaa na msimbo wake.
Kwenye nafasi ya kichwa nikaandika: *upana = h*.
Nikabonyeza.
Grafu ikatoka, na kichwani: *upana = h*.
Herufi! Mashine haikukosea;
nililifungia neno kwenye alama za nukuu,
na cha kwenye nukuu haligusi, hulibeba lilivyo,
kama tarishi asiyefungua barua.
Nikaitoa h nje ya nukuu.
Maneno huku, thamani kule,
amri ya kubandika katikati yao.
Nikabonyeza tena:
*Upana wa dirisha: siku 3.3333333333333335.*
Nikacheka peke yangu, saa saba za usiku.
Nyamaza, mama, umeeleweka.
Nikaikata ikabaki tarakimu moja baada ya nukta.

Kisha nikaanza kumtafuta Endel.
Siku moja, siku mbili, siku tatu, hadi sitini,
kila mstari unazaliwa na namba yake kichwani,
nami nainua karatasi yake mbele ya kioo cha kompyuta,
mwanga unapenya, mstari wake juu ya mstari wangu,
nasogeza, nasogeza,
mpaka milima miwili inakuwa mmoja.
Hii ni saba. Hii kumi na nne.
Hii, shuka la pasi, ni arobaini na tano,
ee Endel, arobaini na tano, ulikuwa unaficha nini,
au ulichoka tu kuona maji yakipanda?
Nikaandika kwa penseli, karatasi baada ya karatasi,
mpaka magari ya kuzoa theluji yakaanza kunguruma nje.

Kalju aliporudi hakuvua koti.
Alisoma kichwa kwanza, kidole chini ya namba:
"Saba. Kwa nini saba? Kwa nini si tano?"
Nikamvutia kiti.
Tukabishana mpaka chakula cha mchana,
yeye na tano yake, mimi na saba yangu,
na kahawa ikapoa mara mbili.

Imebaki moja, ya arobaini na moja.
Hailingani na namba yoyote kati ya sitini.
Nimejaribu nusu, nimejaribu robo.
Labda siku hiyo aliuchora kwa mkono.
Nimeibandika ukutani karibu na dirisha,
na juu yake, chini ya maandishi yake, yangu ya penseli:
*Upana: haujulikani. Nimetafuta.*